Koili ya Antena Fupi ya Mita 160: Tuliyojifunza Nakuru na Kisumu

Ploti ya hamsini kwa mia, yaani kama mita 15 kwa 30, haiwezi kubeba antena kamili ya bendi ya mita 160 ya redio za wanaridhaa. Kwenye 1,830 kHz robo ya wimbi ni mita 41 hivi, na mlingoti wa mkaratusi ambao watu wanne wanaweza kuusimamisha kwa kamba hufika mita 12. Waya wa wima wa mita 12 huonekana kwa transmita kama kapasita ndogo tu, yenye riaktansi (upinzani wa kapasita au koili dhidi ya mkondo wa redio) ya karibu omu 1,100. Koili huwekwa ili kuifuta riaktansi hiyo kwa kuleta nyingine ya kiasi hicho hicho upande wa pili. Hapo 1,830 kHz, hiyo ni koili ya mikrohenri 95 hadi 100.

Kazi yake inaishia hapo. Koili hairefushi antena wala haiongezi mawimbi yanayoondoka. Waya wa mita 12 unaolishwa chini una ukinzani wa kurusha, yaani ule unaogeuza nguvu kuwa mawimbi, wa omu 2 na ushei. Koili nzuri, yenye ubora wa Q wa 250, huongeza omu 4.4, maana 1,100 ukigawanya kwa 250 unapata hiyo. Ardhi tuipe omu 15, ambayo ni hali ya kawaida kwa mtu mwenye nyaya chache za ardhini. Jumla ni omu 21.5. Ukitia wati 100, karibu wati 70 hupasha udongo, 20 hupasha koili, na 10 ndizo zinazoondoka. Ukiifunga koili ovyo ikawa na Q ya 100, ukinzani wake hupanda hadi omu 11 na zinazoondoka hushuka hadi saba na nusu.

Tazama nambari hizo vizuri kabla ya kwenda kununua waya. Mwizi mkubwa ni ardhi, na koili inamfuata. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende ardhini, ya pili juu ya mlingoti, na ya tatu ndiyo ya koili. Wengi tunafanya kinyume, kwa sababu koili ni kitu cha kushika mkononi na kukipendeza, ilhali nyaya za ardhini zikishafunikwa na nyasi hakuna anayeziona.

Juu ya mlingoti, funga nyaya mbili za mita 6 kila moja, zikielekea pande mbili zinazotazamana, ziungwe na waya wa wima pale kileleni. Zikivutwa kwa kamba zishuke kidogo hakuna ubaya, lakini ncha zake zisifike chini ya nusu ya urefu wa mlingoti, la sivyo zinaanza kupinga kazi ya waya wa wima. Kwa nyaya hizo mbili, riaktansi ya kufutwa hushuka kutoka omu 1,100 hadi karibu 440, koili inayotakiwa inakuwa ya mikrohenri 40 hivi badala ya 95, na ukinzani wa kurusha hupanda hadi omu 5. Kwa ardhi ile ile na koili ya Q ile ile, wati 23 kati ya 100 sasa zinaondoka. Hakuna koili duniani, hata ya fedha tupu, inayoweza kukupa nyongeza hiyo kwa antena isiyo na nyaya za juu.

Faida nyingine ni upana wa bendi. Antena tupu ya mita 12 iliyolinganishwa vizuri hukaa chini ya SWR (kipimo cha ulinganifu wa antena na kebo, 1 ikiwa bora) ya 2 kwa upana wa kHz 23 hivi, na bendi yetu katika Kanda ya 1 ya ITU, muungano wa kimataifa wa mawasiliano, ni 1,810 hadi 1,850 kHz. Yenye nyaya za juu hufika kHz 45, yaani bendi nzima bila kutoka nje usiku kugusa koili.

Ardhi za kwetu hazifanani. Nakuru udongo ni wa volkano, mwepesi, unaonyonya maji haraka na kukauka haraka, na haupitishi umeme vizuri. Hapo fimbo moja ya shaba iliyopigwa chini haisaidii kitu kwa masafa haya. Tandaza nyaya 16 za mita 12 hadi 15, hata kama nyingine zinalazimika kukunja kona na kufuata ua. Uwanda wa Kano, chini ya Kisumu, una udongo mweusi wa pamba. Ukilowa ni mzuri ajabu, lakini kiangazi unapasuka nyufa zinazoingia mguu, na nyufa hizo hukata nyaya zilizozikwa, hasa kwenye viungio. Huko usizike. Laza waya juu ya ardhi ukiwa umelegea kidogo, ushikilie kwa vipini vya waya uliokunjwa, na nyasi zitaufunika zenyewe mvua za Machi zikianza. Waya mwembamba wa bei nafuu unatosha. Kuna haja ya wingi zaidi ya unene. Waya wa seng'enge acha: kwa 1,830 kHz mkondo hupita kwenye ngozi ya waya yenye kina cha karibu mm 0.05 tu katika shaba, na ngozi ya chuma chenye kutu ni mbaya.

Sasa koili. Bomba la PVC la inchi 4 la maji taka lina kipenyo cha nje cha mm 110 na linapatikana katika kila duka la hadiwea. Waya ni wa shaba wa stima, mm² 2.5, wa uzi mmoja mgumu. Shaba yake ina kipenyo cha mm 1.78, na pamoja na plastiki inafika mm 3.4 hivi. Ukifunga mzunguko kando ya mzunguko, plastiki yenyewe inaacha kati ya shaba na shaba nafasi inayokaribia unene wa shaba, na nafasi hiyo ndiyo inayotakiwa. Mizunguko iliyobanana sana, kama ya waya wa vanishi unaouzwa na mafundi wa kufunga mota, husukuma mkondo upande mmoja wa waya na ukinzani unapanda. Ukipata waya wa vanishi kwa bei nzuri, funga uzi wa nailoni wa kuvulia samaki sambamba nao, unene ule ule, mzunguko kwa mzunguko. Nailoni hiyo inauzwa kwa rola katika soko la Kibuye na karibu na ufuo wa Dunga, Kisumu, na haichukui maji kama kamba ya kusokotwa.

Hesabu ya koili ya tabaka moja ni hii: chukua kipenyo kwa sentimita, kiinue kwa mbili, zidisha kwa idadi ya mizunguko iliyoinuliwa kwa mbili, kisha gawanya kwa jumla ya mara 46 ya kipenyo na mara 102 ya urefu wa koili. Jibu ni mikrohenri. Kipenyo hapa ni cha katikati ya waya, sm 11.3, na kila mzunguko unachukua sm 0.35. Mizunguko 20 inakupa mikrohenri 41 katika urefu wa sm 7. Mizunguko 40 inakupa 105 katika sm 14. Funga 24 kwa antena yenye nyaya za juu, au 45 kwa ile tupu, ili uwe na ziada ya kupunguza. Mizunguko 45 inakula mita 16 za waya, nunua 18.

Kabla ya kufunga, jaribu bomba. Kata kipande kama cha kidole, kiweke ndani ya maikrowevu pamoja na kikombe cha maji, washa kwa dakika moja. Maji yatapata moto. Kipande kikitoka baridi, bomba linafaa. Kikitoka cha moto, lina kitu ndani kinachonyonya mawimbi, na ndani ya koili litafanya vivyo hivyo. Mabomba meusi ndiyo ya kushuku zaidi, kwa sababu rangi hiyo mara nyingi ni kaboni.

Toboa mashimo kwa dirili, si kwa msumari wa moto, kwa kuwa PVC iliyoungua huacha masizi na volti hupenda kupita hapo. Weka bolti ya brasi au ya chuma kisichoshika kutu juu na chini. Funga ncha moja ya waya kwenye nguzo, nyoosha waya wote uwanjani, kisha tembea kuelekea nguzo ukizungusha bomba mikononi huku unavuta kwa uzito wa mwili. Koili iliyofungwa hivyo haitalegea. Iliyofungwa mezani kwa kuvuta kwa vidole italegea juani, na mizunguko iliyolegea hubadilisha masafa kila upepo ukipita.

Vituo vya kuunganishia viwe kwenye mizunguko ya mwisho, upande wa juu. Pitisha kijiti chini ya mzunguko kuuinua, kwangua plastiki kwa sentimita moja, lehemu kipande kifupi cha waya. Kila kituo kisogee kidogo kuzunguka bomba, ili visisimame kwenye mstari mmoja na kugusana. Kwa koili ya mizunguko 40, mzunguko mmoja husogeza masafa kwa karibu kHz 30. Kwa ile ya 20 yenye nyaya za juu, karibu kHz 45. Hatua hizo ni kubwa, kwa hiyo marekebisho ya mwisho hufanywa kwa kutanua mizunguko miwili mitatu ya juu. Kuitanua hupunguza induktansi, yaani mikrohenri za koili, na kupandisha masafa. Ukiridhika, ishike kwa gundi kidogo, tone kwa tone, usiipake koili nzima.

Anayetaka kurekebisha bila kugusa mizunguko atengeneze koili ya kuzunguka: koili ndogo kwenye bomba la mm 75, iliyounganishwa mfululizo na kubwa na kuwekwa ndani yake juu ya mhimili wa fimbo ya plastiki. Ikielekea upande mmoja induktansi zinajumlishwa, ikigeuzwa kabisa zinapingana. Bomba la ndani lisizidi urefu wa sm 5, kwa kuwa pembe zake zitagonga ukuta wa bomba kubwa likizunguka.

Kuhusu kuweka koili katikati ya mlingoti: ndiyo, ukinzani wa kurusha hupanda, lakini induktansi inayotakiwa inakaribia kuongezeka maradufu na uzito unakaa mahali ambapo upepo wa jioni kutoka ziwani unaupiga. Kwa mlingoti wa mti, nyaya za juu zinakupa faida hiyo bila mateso. Iache koili chini.

Sasa kupima. Siku yenye mawingu ya radi hata ya mbali, gusisha kwanza antena na ardhi kabla ya kuunganisha NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena, maana chaji iliyokusanyika kwenye waya inaiua kwa kugusa mara moja. Ifanyie kalibresheni mwisho wa kebo, palepale chini ya koili. Usiisumbue kupima antena bila koili na kuamini ukinzani inaouonyesha. Ukinzani wa omu 17 uliojificha nyuma ya riaktansi ya 1,100 hausomeki sawasawa. Weka koili, tafuta masafa ambapo riaktansi ni sifuri, ndipo usome ukinzani.

Na hapa pana mtego ambao umewaridhisha wengi bila sababu. Ukikuta ukinzani wa omu 50 na SWR ya 1 kwa 1, bila kifaa chochote cha kulinganisha, usifurahi. Antena ya mita 12 haina omu 50 za kurusha. Omu 40 na zaidi kati ya hizo ni ardhi na koili. Ongeza nyaya za ardhini: ukinzani utashuka hadi 30, kisha 22, SWR itazidi kuwa mbaya, na wanaokusikiliza watakuambia ishara imepanda. Endelea kuongeza hadi ukinzani ukatae kushuka, ndipo ufikirie kulinganisha.

Kulinganisha omu 22 na kebo ya omu 50 ni rahisi. Weka koili ndogo kati ya sehemu ya kulishia na ardhi, ya mikrohenri 3.8, na upunguze koili kubwa kwa mikrohenri 2 hivi ili antena ibaki na upande wa kapasita kidogo. Mizunguko 9 ya waya ule ule kwenye bomba la mm 50 inatosha. Sogeza kibanio kati ya mzunguko wa 7 na wa 9 hadi SWR itulie. Iweke kwa pembe mraba na koili kubwa, zisisikilizane. Koili hiyo ndogo pia huipa chaji ya mawingu njia ya kushuka ardhini polepole. Kwenye kebo, kabla ya kuingia nyumbani, zungusha RG-58 mara 10 hadi 12 ndani ya feraiti ya shingo ya TV ya zamani ya kioo kinene, ili ngozi ya kebo isigeuke kuwa waya mwingine wa ardhini.

Volti ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito wote. Wati 100 kwenye antena tupu ya omu 21.5 ni ampea 2.16. Mkondo huo kupitia riaktansi ya omu 1,100 ni volti 2,370 juu ya koili, na kilele chake hupita 3,300. Yenye nyaya za juu hukaa chini kidogo ya volti 1,000, nazo zinaunguza vilevile. Zungushia ua wa mbao au mianzi, mita moja na nusu kila upande, kwa ajili ya watoto na mbuzi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na cheche huruka mapema kuliko Mombasa. Nafasi kati ya bolti ya juu na kitu chochote iongezwe kwa angalau moja ya tano. Waya wa wima usiguse mlingoti pia. Mti uliolowa unakula nguvu, kwa hiyo ushikilie kwa vipande vya bomba, sentimita 10 mbali.

Mvua ikilowesha koili, masafa hushuka, na ukiendelea kurusha cheche hutambaa juu ya plastiki na kuchora njia nyeusi ambayo haifutiki. Kifuniko kizuri ni ndoo ya lita 20 iliyogeuzwa, yenye nafasi ya kupumua chini. Ukiziba kila mahali, jasho la usiku hukusanyika ndani na koili inalowa bila mvua. Ziba uwazi wa chini kwa wavu wa mbu, kwa sababu nyigu wa udongo hujenga ndani kwa wiki chache, na Kisumu wadudu wa ziwani huingia kwa maelfu. Sanduku la mabati lisikaribie: chuma kikiwa karibu kuliko kipenyo kimoja cha koili hupunguza induktansi na Q pamoja. Vifungio vyeupe vya plastiki hukatika kwa jua la ikweta, tumia vyeusi.

Kama koili inapata moto wakati wa FT8 au WSPR, njia za kurusha ujumbe kwa kompyuta, ambapo FT8 hurusha kwa karibu sekunde 13 kila zamu na WSPR kwa karibu dakika mbili bila kupumzika, usiipulizie feni. Joto hilo ni wati zinazopotea. Tafuta kiungio kibovu, mzunguko uliogusana kwenye vituo, au bomba lenye kaboni. PVC huanza kulainika karibu nyuzi 80, na koili iliyolainika haitarudi umbo lake.

Kwa mita 80 antena tupu inahitaji mikrohenri 18 tu, kama mizunguko 11 na nusu. Ni vishawishi kutumia koili ile ile ya 45 kwa kituo cha chini. Mizunguko 33 isiyotumika ikiachwa wazi huinua volti kubwa kwenye ncha yake; ikifungwa pamoja, mkondo huzunguka ndani yake na kula nguvu. Funga koili ya pili, ubadilishe kwa kibanio.

Upande wa radi, tuseme wazi: Kisumu, Kakamega na Kisii ziko katika eneo lenye ngurumo nyingi mno, na alasiri za msimu wa mvua hazina huruma. Plagi kuukuu ya bodaboda, aina isiyo na ukinzani ndani, ikiwekwa kati ya sehemu ya kulishia na ardhi, chini ya koili, husaidia kwa chaji za karibu. Ikiwekwa juu ya koili itawaka kila unapobonyeza kitufe. Kwa radi yenyewe hakuna dawa ila kuchomoa kebo na kuiacha nje ya dirisha, waya wa antena ukiwa umefungwa kwenye fimbo ya ardhi.

Wanaotaka kushuka hadi 472–479 kHz, bendi iliyokubaliwa na mkutano wa dunia wa redio wa 2012, wasome kwanza masharti ya leseni yao ya 5Z4 (mwanzo wa majina ya vituo vya wanaridhaa wa Kenya) kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kiufundi kila kitu hukua. Antena yenye kapasitansi ya pikofaradi 150, ambayo ni mlingoti wetu wa mita 12 na mita 15 hivi za nyaya juu, inataka mikrohenri 750. Bomba la inchi 4 halifai tena. Koili ingekuwa ndefu kama mkono. Tumia ndoo yenye kipenyo cha sm 30, iliyopigwa chapa ya PP au HDPE chini, maana plastiki hizo hazinyonyi mawimbi. Mizunguko 49 ya waya wa mm² 1.5 inatimiza kiasi hicho kwa urefu wa sm 14, na inakula mita 47. Ndoo nyingi hupungua kuelekea chini, na waya huteleza upande huo. Kabla ya kuanza, panga mistari minne ya gundi ya moto kutoka juu hadi chini, iache ipoe, kisha ifungie waya juu yake ukianzia upande mwembamba.